Sura ya Saba: Joto la Bondeni

Waya uliokutwa nyuma ya karakana ya Stanislas haukufika hata mita nne, lakini watu zaidi ya mia moja wa Mususa walikuwa wameuzunguka asubuhi hiyo, na mmoja wao alikuja na bidoni ya petroli.

Inspekta Élodie Mwadi aliliacha gari kwenye tope na kupita katikati yao bila haraka. Alikuwa mtu wa Kananga, mwaka wake wa tano Kivu Kaskazini, na tangu mwezi uliopita mwendesha mashtaka wa Butembo alikuwa amempa kazi moja tu: kumpata anayeiba umeme wa mtaa huu. Karibu nusu ya umeme uliotoka kwenye kabini ya Mususa, kibanda cha saruji chenye transfoma, haukufika kwa mteja yeyote anayelipa. Hasara hiyo kampuni iliwabebesha wateja. Bei ilipanda baada ya Krismasi, ikapanda tena baada ya Pasaka, na umeme wenyewe ulifika ukiwa umechoka: balbu nyekundu kama makaa, friji zimeungua, cherehani za umeme zinanguruma bila kushona. Jumapili iliyopita, kwenye maternité, kituo cha uzazi cha mtaa, couveuse, lile sanduku la kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ilikataa kuwaka. Mtoto wa siku tatu alikufa.

Tangu Jumapili hiyo Mususa haikutaka tena upelelezi. Ilitaka mtu.

Stanislas, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha karakana, mdomo umevimba.

"Miye nalipaka kila mwezi," alisema, akielekeza kidole kwenye mita ya umeme. "Muangalie compteur yangu. Muiangalie tu."

"Unyamaze, mwizi!"

Mzee mmoja wa sweta ya kijivu aliinua mkono, na kelele ikapungua. Huyo alikuwa Papa Abdias, mwashi mstaafu, rais wa kamati ya wateja wa umeme. Ndiye aliyeandika barua tatu kwa meya kuhusu wizi huu.

"Mama inspecteur," alisema kwa upole, "siye tuko batu ba sheria. Miye njo nilibakataza kumuchoma. Mais waya njo hii. Ilikuwa nafungwa kwa muti ya courant, inaingia kwake." Alionyesha nguzo ya umeme iliyokuwa nyuma ya karakana.

Élodie aliupokea waya na kumpa Lévi, fundi wa kampuni aliyekuwa akitembea naye tangu uchunguzi uanze.

"Inaweza kubeba nini?"

Lévi aliupima unene wake kwa kucha, akatazama mashine ya kuchomelea iliyokuwa ndani ya karakana. "Taa mbili. Redio. Ukifungia poste ya soudure hapa, itayeyuka mbele umalize baguette moja ya kuchomelea."

"Na hii ncha yake?"

Shaba ya ncha ilikuwa ikimetameta. Mvua ilikuwa imenyesha siku sita mfululizo.

"Waya yenye kulala inje kwa mvua haing'aaki hivi," alisema Élodie kwa sauti ya kusikika na wote. "Hii ilitundikwa jana, ao juzi. Mutu aliyeiweka alijua mutakuya kutafuta."

Watu walitazamana. Élodie aliugeuza waya tena. Kulabu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mwembamba mweusi wa chuma, umezungushwa mara mbili, ukavutwa na kukatwa kwa koleo. Fundi wa kuchomelea angeunganisha kwa moto. Huu ulikuwa mkono wa mtu aliyezoea kufunga nondo kabla ya kumwaga zege. Aliutia waya kwenye bahasha na hakusema neno juu ya kulabu.

"Munipe siku mbili," alisema. "Stanislas ataenda na miye, hospitali kwanza."

Mwanamke mmoja alijitenga na kundi. Kitenge alikifunga juu ya kifua, mbele ya blauzi kulikuwa na madoa mawili ya maziwa. Hakuna aliyehitaji kumwambia Élodie kwamba huyu ndiye Kavuo, mama wa mtoto aliyezikwa Jumatatu.

"Siku mbili," alisema Kavuo. "Nimesikia."

*

Ofisini Lévi alifungua daftari. Kwa siku nane alikuwa amesoma mita ya kabini kila saa, kisha akatoa matumizi ya wateja wote. Kilichobaki, yaani kilichoibwa, alikuwa amekichora kwa kalamu nyekundu.

Élodie aliligeuza daftari kuelekea dirishani.

"Mashine ya kusaga inaanza saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja inasimama."

"Mafundi ba soudure?"

"Muchana tu. Tena wakigusa chuma, courant inarukaka. Ungeona meno hapa."

Mstari haukuwa na meno. Ulipita asubuhi, mchana na alfajiri bila kuyumba, kama uzi wa mwashi.

"Iko kitu yenye hailale," alisema Lévi.

"Na hapa? Unapanda kidogo. Na hapa tena."

Lévi aliweka kidole kwenye tarehe. Alifunga macho akikumbuka. "Mvua. Zote mbili ilikuwa mvua ya nguvu."

"Na huku umeshuka."

"Jua. Ile siku moja ya jua."

Nje, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Mahali fulani katika mji huu wa baridi kulikuwa na kitu kilichokula umeme wa nyumba mia mbili, kisichofanya kelele, kisichopumzika, na kilichokula zaidi kila hewa ilipopoa.

"Anapasha kitu moto," alisema Élodie. "Usiku na muchana, na moto moja ileile. Nani anahitajika na moto ya hivyo?"

"Mikate banapika na kuni." Lévi alikuna kichwa. "Couveuse ya maternité njo inafanyaka vile. Mais ungehitaji couveuse mia moja, mama. Batoto ba kuingia mule batatoka wapi?"

Élodie alifunga daftari.

"Si lazima ikuwe batoto," alisema.

*

Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa Beni, mtaa wa Mulekera, kwenye ua aliokuwa amepanga miaka miwili kabla ya kuhamishiwa Butembo. Mwenye nyumba wake wa zamani, Bénie, aliyemwita yaya kama dada mkubwa, aliuza vifaranga mbele ya barabara. Masanduku manane ya kadibodi yalikuwa yamepangwa kwenye baraza, na ndani yake vifaranga vya manjano vikilia bila kukoma.

"Élodie wangu! Umekonda. Butembo hawakupe chakula?"

"Wananipa kabeji. Yaya Bénie, hizi zinatoka wapi?"

"Uganda. Kama zote."

"Zimefika lini?"

"Leo, saa kumi na mbili."

Élodie alichukua kifaranga kimoja na kukigeuza juu ya kiganja. Kitovu kilikuwa bado na unyevu. Tumboni hakikuwa na punje.

"Lori ya mpaka haijapita siku kumi. Na hiki hakijamaliza siku moja tangu kizaliwe. Kilitoka Uganda kikiruka?"

Bénie alijifuta mikono kwenye kitenge, akatazama barabara.

"Weye uko unaniuliza kama mpangaji ao kama polisi?"

"Kama polisi, yaya."

"Basi. Kila juma ya tatu, motari analeta na pikipiki yake. Anatoka upande wa Butembo, gizagiza, mbele ya barabara kuamuka. Mwenye mali simujui. Natumaka franga kwa simu, ni yote."

Élodie aliingiza vidole ndani ya sanduku, chini ya vifaranga. Havikulazwa juu ya majani wala randa za mbao. Yalikuwa maganda ya kahawa, ya zamani, meusi, yenye harufu ya ghala.

"Élodie." Bénie alimshika mkono. "Unaona ile mistari ya nyumba za turubai nyuma ya kanisa? Bale batu balikimbia mashamba yabo sababu ya vita. Balikuya na nguo ya mwili tu. Kila mama alianza na bifaranga kumi yangu, na leo wanalisha batoto. Bei ya Uganda hawangeiweza. Huyu mutu simujui jina, mais usimufunge."

"Wateja ba Mususa wanalipa umeme yake."

"Hilo sikulijua," alisema Bénie, na akauachia mkono.

*

Ghala la kahawa lilikuwa moja tu lililobaki upande ule, bondeni chini ya Mususa, pale mtaa unapokwisha na mashamba ya Vuhovi yanapoanza. Mabati yake yalikuwa na kutu na madirisha yamezibwa kwa tofali. Hakukuwa na mlingoti hata mmoja wa umeme. Élodie, Lévi na polisi mmoja walishuka kwa miguu kati ya mikaratusi, saa tisa mchana siku hiyo hiyo, mvua nyembamba ikinyesha.

"Hapa hakuna courant, mama," alinong'ona Lévi. "Angalia mwenyewe. Hakuna waya."

Élodie aliweka kiganja kwenye ukuta wa tofali uliolowa. Kisha akaushika mkono wa Lévi na kuuweka pale pale.

Ukuta ulikuwa na joto, kama ubavu wa ng'ombe.

Mlango haukufungwa. Ndani, hewa ilikuwa nzito na ya uvuguvugu, na Élodie alilazimika kusimama ili macho yazoee. Makabati ishirini na manne ya mbao, kila moja refu kuliko mtu, yalisimama kwa mistari miwili mpaka mwisho wa ghala, yamepakwa rangi nyeupe, na kila moja lilikuwa na dirisha dogo la kioo lenye mwanga wa dhahabu. Nyuma ya kila kioo, trei juu ya trei, mayai. Maelfu ya mayai. Hakuna yai lililokuwa chafu na hakuna trei iliyokaa upande.

Kisha kengele ndogo ililia, na minyororo ya baiskeli iliyopita juu ya makabati ikaanza kutembea, ikivutwa na mota ya waipa ya lori. Trei zote, katika makabati yote, ziliinama kwa pamoja kuelekea kushoto, polepole, kama kundi la watu wanaopokea baraka. Zikatulia.

"Nyamuhanga," alisema Lévi, akimtaja Mungu kwa lugha ya kwao, na akavua kofia.

"Kila saa moja zinageuka," ilisema sauti. "Kuku mwenyewe anageuzaka mayai na mudomo. Miye sina mudomo ya kutosha."

Papa Abdias alitokea kati ya makabati, mikono ya sweta imekunjwa, kipimajoto mkononi. Hakuonyesha kushtuka. Juu ya mlango wa kila kabati, bawaba ilikuwa imekazwa kwa uzi mweusi wa chuma, umezungushwa mara mbili na kukatwa kwa koleo.

"Papa Abdias," alisema Élodie. "Ni wewe uliyetundika ile waya kwa Stanislas."

"Ni miye."

"Wangemuchoma."

"Nilisimama mbele yabo ili basimuchome."

"Ulisimama mbele ya moto uliouwasha mwenyewe."

Mzee alitazama chini.

"Na umeme?" aliuliza Lévi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Nafunguaka ile kabini kila mwezi. Kila mwezi, papa! Nilipima waya zote zenye kutoka. Iko wapi yako?"

"Haitoke kwa mulango. Miaka tisa ya nyuma, kampuni ilitafuta mwashi wa kumwaga zege ya msingi ya kabini. Nilikuwa miye. Niliweka câble ndani ya zege mbele ya transfoma kufika, inapanda ndani ya ukuta, inakamata nyuma, mahali macho haifiki. Kutoka pale nilichimba mpaka hapa. Mita mia sita, kina ya mukono moja na nusu. Peke yangu. Miaka miwili."

"Kulikuwa bado hakuna courant Mususa," alisema Lévi.

"Hakukuwa. Nilijua itakuya."

Lévi aligeuka kutazama makabati, halafu mlimani kuelekea Mususa, kana kwamba angeweza kumwona yule nyoka wa shaba chini ya udongo. Katika miaka kumi na miwili ya kazi hakuwahi kuona wizi uliojengwa vizuri kuliko laini za kampuni yenyewe.

"Ungeomba compteur," alisema Élodie.

"Niliomba. Walinipa bei ya kiwanda. Hakuna mama angenunua kifaranga yangu." Aliunyosha mkono kuelekea kaskazini. "Inspecteur, mayai elfu kumi na mbili. Nimelisha batu kutoka hapa mpaka Beni."

"Ulikuwa kwenye maziko ya Jumatatu."

"Nilianzisha wimbo."

"Kisha ukarudi hapa."

Mzee alikigeuza kipimajoto mkononi. "Mayai ya makabati mane ilikuwa siku ya kumi na nane," alisema. "Siku ya kumi na nane, ukizima, zote zinakufa. Nilisema nitazima juma ijayo. Nilisema hivyo hata juma yenye ilipita."

Simu ya Élodie ililia. Alikuwa Agar, muuguzi wa maternité.

"Mama inspecteur, unisamehe. Kuko mutoto mwengine, alizaliwa saa sita, kilo moja na nusu. Couveuse iko na volt mia moja na makumi tano, haitake kuamuka. Lévi yuko wapi?"

"Yuko na miye. Ngoja kwa simu." Alimgeukia Abdias. "Haya mayai yanapasuka lini?"

"Makabati mane ya mwisho, kesho. Zingine bado." Kwa mara ya kwanza mzee alishika mikono pamoja. "Siku moja, mama. Unifunge leo, mais uache courant mpaka kesho asubuhi."

Lévi alimtazama Élodie.

"Zima," alisema Élodie.

"Niache nizime miye," alisema Abdias.

Alitembea mpaka ukutani, akashika mkono wa swichi kubwa, akausukuma chini. Madirisha ishirini na manne yakawa giza. Feni zikapunguza mwendo, zikakoma. Kwenye simu Agar alianza kupiga kelele: "Imewaka! Mia mbili na kumi! Imewaka, asante Yesu!" Kisha simu ikakatika.

Katika ukimya uliofuata walisikia kitu ambacho feni zilikuwa zimekifunika. Kilitoka kwenye makabati manne ya mwisho. Mwanzo ilikuwa kama mvua juu ya majani makavu, halafu ikawa sauti kabisa, sauti maelfu, nyembamba, zikiitana kutoka ndani ya maganda ambayo hayajapasuka. Polisi aliyekuwa mlangoni alifanya ishara ya msalaba. Lévi aliweka sikio kwenye kioo na hakulitoa.

"Zinaongea," alisema. "Ziko ndani na zinaongea."

"Zinaulizana kama wakati umefika," alisema Abdias.

Nje kulikuwa na miguu. Wanawake wa Mususa waliokuwa wameliona gari la polisi likiachwa juu mtaani walikuwa wamewafuata bondeni, na wale wa mashamba ya karibu wakaungana nao, na sasa walisimama kwenye mvua, mia na hamsini au zaidi. Mbele yao alikuwa Kavuo. Élodie aliziba mlango kwa mwili wake.

"Ni nani?" aliuliza Kavuo.

Abdias alikuwa amekuja mwenyewe mpaka nyuma ya bega lake. Mnong'ono ulipita katika kundi, halafu kelele, na jiwe moja likagonga bati.

"Niingie," alisema Kavuo. "Ulisema siku mbili, mama, nimekungojea. Niingie."

Élodie alimtazama mikono. Ilikuwa mitupu. Alimpisha.

Kavuo alipita mbele ya mzee bila kumtazama. Alitembea kati ya makabati hadi mwisho, akisikiliza. Alifungua mlango wa kabati la mwisho, na sauti zikaongezeka. Alichukua yai moja. Ganda lilikuwa na ufa mdogo, na ndani ya ufa kitu kilitikisika.

"Zitaishi?" aliuliza.

"Kama zitapata moto mpaka kesho," alisema Abdias. "Moto ya mutu inatosha. Moto ya mwili."

"Ulijua mutoto wangu alitafuta moto."

Mzee alipiga magoti kwenye sakafu.

Kavuo alisimama pale, yai mkononi. Maziwa yalikuwa yamelowesha tena blauzi yake. Kisha alifungua kitenge, akaliweka yai kifuani, kwenye ngozi, akachukua la pili, na la tatu, na la kumi, akakifunga tena kwa uangalifu, mkono mmoja chini kuyashikilia.

"Haya hayakuiba kitu," alisema. Na akamwita jirani yake aliyekuwa mlangoni: "Mukuye. Mukuye mubebe, yanapoa."

Mmoja aliingia, akainua mabega, akafungua kitenge chake. Wa pili akafuata. Baadaye walikuwa wengi mno kuhesabika, wanapokezana mayai bila kelele, wale wenye watoto mgongoni wakiyaweka kati ya mtoto na mgongo. Polisi alimuuliza Élodie kama mayai hayo si vielelezo vya kesi. Élodie alisema kabini, swichi na kebo vinatosha. Lévi alikuwa amevua koti ili atengeneze mfuko.

Makabati manne yalimalizika. Ishirini yaliyobaki hayakuwa na wa kuyaokoa. Mayai yake yalikuwa machanga, yangehitaji juma zima na zaidi, na Abdias alipita mbele yake akigusa kila kioo kwa kiganja, mpaka mwisho wa mstari.

Walipotoka, mvua ilikuwa imekatika. Wanawake walikuwa wakipanda mlima kwa mstari mmoja mrefu kati ya mikaratusi, kila mmoja ameinama kidogo mbele, mkono kifuani, wakitembea kama watu wanaobeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyetukana. Élodie alisimama akawatazama mpaka wa kwanza akapotea juu.

Alimfunga Abdias pingu kwa mbele. Mwanamke wa mwisho, mgeni kwake, alirudi nyuma hatua chache, akaingiza yai moja ndani ya koti la inspekta, chini ya kwapa, bila kuomba ruhusa, akaondoka.

Élodie alilisikia likigonga ubavu wake mara moja, polepole, kutoka ndani. Alianza kupanda.

"Usitembee mbio, mama," alisema Abdias nyuma yake. "Itasikia baridi."

Akapunguza mwendo.